Mlango wa Nta

Mama mdogo alikuwa na ugonjwa wa usafi. Simsengenyi, hata yeye alijijua. Alikuwa akienda kumtembelea mtu, kabla hajakaribishwa kiti ameshafuta meza ya wenyewe kwa ncha ya kanga. Mumewe, ambaye mimi nilimwita baba mdogo na mtaa mzima ulimwita Fundi Redio, alizoea kumtania mbele za wageni: "Siku nikifa, huyu ataniosha mpaka nitoke rangi."

Ndiyo maana nilipofika kumsaidia kuhama sikuyaamini macho yangu. Alikuwa amestaafu, na kituo cha utafiti wa nyuki alikofanya kazi tangu ujana kilitaka nyumba yake kimpe mtumishi mwingine. Lori lilikuwa linakuja Jumamosi. Vyombo vilishafungwa, mapazia yalishashushwa, hata vibanio vya kuanikia nguo vilikuwa vimeoshwa na kutiwa kwenye mfuko. Lakini chumba cha nyuma, karakana ya baba mdogo, hakikuwa kimeguswa.

"Na huku, mama mdogo?"

"Huko acha."

"Niache vipi? Hao wanaohamia watavibeba vyote wavimwage jalalani."

"Basi wavimwage," akasema, akarudi kusugua sinki ambalo lilikuwa jeupe kuliko sahani zangu za nyumbani.

Mimi subira sikupewa. Nilimwambia maneno ya hekima, nikamwambia na ya hasira. Nikamwambia akiondoka bila kukiaga, chumba kile kitamfuata huko aendako. Alinisikiliza vizuri tu, akaniuliza kama nimekula.

Nilikijua kisa cha ule mlango. Siku tuliyotoka kumzika baba mdogo, tulikuta redio moja imewashwa karakanani. Aliiacha hivyo siku aliyozidiwa, nasi katika pilikapilika za hospitali na msiba hakuna aliyekumbuka kuizima. Mama mdogo alisimama pale, akasikiliza mtu akisoma taarifa ya habari, kisha akaurudisha mlango taratibu kama anayefunika mtoto. Redio iliendelea kusema ndani peke yake. Tulikula ikisema, tulilala ikisema, kila siku sauti ikizidi kufifia, mpaka betri zikaisha. Mlango ule haukutiwa kufuli hata siku moja. Ulirudishwa tu, na miaka ikapita juu yake.

Ijumaa jioni nilikaa jikoni nimenuna, nikitazama mitungi yake ya asali iliyopangwa kwa rangi, na bila kutaka nikaanza kukumbuka enzi zetu za mizinga. Nilipomaliza shule nikakosa kazi, yeye ndiye aliyeniombea kibarua kituoni. Kazi yangu ilikuwa kupuliza moshi ili nyuki watulie wakati yeye anafungua mzinga. Akaniita Moshi, na hadi leo ukoo mzima unaniita hivyo. Nilizipenda zile asubuhi. Nilipenda harufu ya nta na majani makavu yanayoungua, na baba mdogo akitupungia mkono dirishani na bisibisi sikioni mithili ya seremala na penseli yake.

Mkuu wetu alikuwa Daktari wa wadudu, mtu mwembamba aliyechomeka suruali ndani ya soksi ili nyuki wasimpande miguuni. Pale kituoni tulikuwa na adui mmoja, ugonjwa wa kuozesha majana, yaani watoto wa nyuki. Jana hufia ndani ya kijumba chake, chini ya kifuniko cha nta, likageuka ute wa kahawia unaovutika kama gundi. Ukikauka, huacha mbegu za ugonjwa zinazoweza kukaa miaka na miaka zikingoja. Dawa yetu ilikuwa kiberiti. Tulichimba shimo, tukachoma mzinga na nyuki wake, na mama mdogo alikuwa akilia waziwazi bila kumwonea haya mtu.

Lakini kuna nyuki waliojitibu wenyewe. Walinusa kifo kupitia nta, wakafunua, wakalitoa jana na kwenda kulitupa mbali kabla halijaiva ugonjwa. Daktari alitaka kujua usafi huo unarithiwaje. Alipandisha malkia wa ukoo safi kwa madume wa ukoo mchafu, na mabinti wote wakatoka wachafu. Mama mdogo akasononeka kama kwamba ni wajukuu zake. Daktari akamwambia asikate tamaa, kwani kuna tabia hujificha kizazi kimoja zikajitokeza kingine. Wakawapandisha mabinti hao tena na ukoo safi.

Kuwapima, tuligandisha kipande cha sega ili majana yafe, tukakirudisha mzingani na kuangalia kesho yake. Mizinga michache ilisafisha kila kitu. Mingine ilifunua nta ikaacha maiti palepale, na hao mama mdogo aliwatukana: "Wambeya nyie! Mmechungulia, mmeona, mmeondoka!" Iliyobaki haikugusa kitu, na ndiyo iliyokuwa ikingoja kuondolewa kwenye utafiti.

Basi siku moja tulikuwa tunavuna asali huku tunapima majana, meza moja, na masega yenyewe yamezeeka na kuwa meusi tititi. Wavu wa uso ulikuwa umemtia mama mdogo jasho machoni. Akachukua uma wa kukwangulia nta inayofunika asali, akaupitisha juu ya kipande cha majana yaliyokufa, akadhani ni asali. Alipogundua, akaniminya mkono. "Moshi, funga mdomo wako," akanong'ona, akakirudisha upesi kwenye mzinga mmoja wa wale wasiogusa kitu.

Kesho yake kipande kilikuwa kitupu. Vijumba vyote vimelambwa vikang'aa. Mama mdogo, ambaye hajawahi kuficha hata kijiko, akaenda kujishtaki. Nilidhani Daktari atamfokea. Badala yake alicheka mpaka miwani ikamtoka, akaagiza tuwafunulie na wengine wasiogusa kitu. Wengine hawakujali. Wengine walitoa maiti zote.

"Hawa si wavivu," Daktari akatueleza, amekaa juu ya mzinga mtupu. "Kufunua ni tabia moja na kutoa ni nyingine, na kila moja ina urithi wake. Hawa wamerithi kutoa, hawakurithi kufunua. Wakifunguliwa mlango, kazi wanaijua."

"Kidole kimoja hakivunji chawa," mama mdogo akasema.

"Ndiyo hivyo. Na ugonjwa nao haulali, unabadilika pamoja nao. Ule unaoua jana haraka huonekana mapema, nyuki wakautupa nje. Unaoua polepole huachwa chini ya nta mpaka unaiva, na huo ndio unaomaliza mzinga."

Jioni hiyo mama mdogo alimsimulia baba mdogo, naye akatikisa kichwa juu ya redio ya mtu. "Sasa mke wangu, wewe ni nyuki yupi?" Mama mdogo akamrushia kitambaa. Tulicheka sana. Natamani ningeirudia jioni ile hata kwa dakika tano.

Nilipofika hapo katika kukumbuka, niliinuka jikoni. Sikumuaga. Nilikwenda moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, nikausukuma mlango kwa kiganja. Uliburuza sakafuni, kisha ukafunguka wote. Harufu ya vumbi na risasi ya kuchomelea ikanijia, nami nikamwona baba mdogo kila mahali: koti lake kwenye msumari, kiti chake chenye mto uliobonyea, redio za watu zisizofuatwa zikiwa zimefungwa vikaratasi kwa uzi. Mikono iliniwasha kupanga. Nikaikunja kifuani, nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje, nikautazama ua.

Nilisikia sinki likinyamaza. Nilisikia kandambili zake zikija kidogo, zikisimama. Zilisimama muda mrefu hadi nikaona aibu, nikasema moyoni kwamba nimemfanyia mama wa watu unyama. Kisha akapita kando yangu amebeba mto wa kiti, akaukung'uta ukutani. Akarudi. Akatoka na koti. Akarudi. Alitoa nyaya, makopo ya skrubu, kalenda iliyokuwa imekwama mwezi wa msiba, akaviweka uani mafungu mafungu, cha kwenda nacho, cha kugawa, cha kutupa. Hakuniomba msaada na mimi sikujipendekeza. Alikuwa analia, lakini mikono yake haikusimama.

Jua lilikuwa linazama alipotoka na redio ya mwisho. Niliitambua kwa antena yake iliyopinda, ndiyo ile iliyoachwa ikisema. Akaketi kando yangu kwenye ngazi, akaiweka mapajani, akaifuta mpaka ikang'aa mbele na pembeni. Mfuniko wa nyuma hakuugusa.

"Iliniita siku tatu, Moshi," akasema. "Nami sikuingia."

"Hakuna aliyeingia, mama mdogo. Hata mimi nilikuwepo nyumbani."

Akaitazama. Akapitisha kidole juu ya skrubu, akakiondoa. Mwisho akanisogezea mapajani, pamoja na bisibisi ya marehemu.

"Fungua wewe."

Nikafungua. Betri zilikuwa zimeoza humo ndani, zimetoa ute mweupe na kushikana na vyuma. Sikuzigusa. Mama mdogo akaingiza vidole vyake, akazing'oa moja baada ya nyingine, akainuka na kwenda kuzitupa mbali na nyumba.