Meno ya Chuma ya Belaid

Kijijini Aremd, chini ya mlima Toubkal, kitu ulichomwazimisha ndugu hukikagui anapokirudisha. Unakipokea kwa mikono miwili, unakiweka kando, unamkaribisha chai. Kukigeuzageuza mbele yake ni kama kumwita mwizi. Belaid alilelewa hivyo, na akaishi hivyo hadi ndevu zikaingia mvi.

Kazi yake ilikuwa kuongoza wapandaji wakati wa baridi, msimu ambao nyumbu hushushwa mizigo pale theluji inapoanzia, na kutoka hapo kila kitu hupanda kwa mgongo wa mtu. Wageni walimwamini kwa sababu hakuwadanganya. Akiona upepo unapeperusha theluji kileleni kama moshi, alisema leo hatupandi, na hakubembelezeka. Hakuna mgeni aliyewahi kuanguka mikononi mwake. Sifa hiyo ndiyo aliyokuwa nayo.

Mwezi Januari, Idder, kaka wa mkewe, aliazima meno ya chuma ya Belaid, yale yanayofungwa chini ya viatu yang'ate barafu. Akayarudisha ndani ya gunia. Belaid akalitundika gunia ukutani, wakanywa chai.

Siku chache baadaye alipanda na Zhor, nesi kutoka Fes, aliyeomba likizo kwa shida ili afike kileleni. Walilala kwenye nyumba ya wapandaji, wakatoka alfajiri, kamba moja ikiwaunganisha viunoni. Huko chini theluji ilikuwa laini.

"Kanyaga kwa unyayo mzima, dada," Belaid alisema. "Hapa si kwenye sakafu ya wodi."

"Wodini nakimbia, ami. Hapa wewe ndiye unayenichelewesha."

Juu zaidi upepo ulikuwa umeisugua theluji mpaka ikawa barafu ngumu, inayong'aa kama sahani. Mguu wa Belaid ukateleza. Akajishika kwa shoka lake la barafu.

"Ami, umeanza kucheza ngoma?"

Belaid aliinua kiatu akakitazama. Ncha zote zilikuwa zimelika, mviringo kama vidole. Mtu alikuwa ametembea nazo juu ya mawe.

"Nakiona chuma kilichosimikwa kileleni!" Zhor akasema. "Kile pale!"

Kufika wangefika. Lakini kushuka mteremko ule wa mwisho na meno butu, yeye akiponyoka, kamba ingemvuta na Zhor.

"Tunarudi," alisema. "Meno yangu ni butu. Sikuyaangalia kabla ya kutoka."

Zhor alitokwa na machozi, akayafuta kwa glavu.

"Si ungesema tu ni upepo, ami? Nisingejua."

"Upepo haupo."

Wakashuka taratibu, Belaid akichonga ngazi kwa shoka kila alipoishuku barafu.

Idder alikuwa kwenye nyumba ya wapandaji, anawapikia wageni wengine tajini, mchuzi wa chunguni.

"Shemeji! Mbona mapema hivi? Au mlima umekufukuza?"

Belaid aliyaweka meno ya chuma mezani, karibu na mkate. Idder akayaona. Mwiko ukasimama.

"Theluji iliisha njiani," akasema kwa sauti ndogo. "Vidole vilikuwa vimeganda, nikashindwa kuyafungua. Nikapita nayo mawe yote hadi chini."

"Ungeniambia."

"Nilikuwa nakusubiri ulifungue gunia. Hukulifungua."

Ilikuwa kweli, na Belaid hakukataa. Tumezoea kuiita adabu hofu yetu ya kumuudhi mtu, na Zhor nusura ailipie kwa maisha yake. Belaid aliomba tupa mbili. Yeye na Idder wakakaa kizingitini, kila mmoja na meno ya mguu mmoja, wakinoa. Zhor akawaaga, kesho yake alikuwa na zamu.

Mwezi uliofuata Idder aliazima tena, na Belaid akampa. Siku ya kurudisha, mama mkwe alikuwepo, chai imeshamiminwa. Belaid akalifungua gunia palepale, akapitisha kidole gumba kwenye ncha, moja baada ya moja.

Mama mkwe akafyonya. "Ndiyo tumefika huko? Mwanangu anakaguliwa kama mchuuzi wa sokoni?"

"Mwache, mama," alisema Idder, uso umemwiva. Akasogeza taa karibu. "Na za kisigino, shemeji. Hizo hujaziangalia."