Idil na chanjo iliyopata joto kisimani

Adhana ya alfajiri imekwisha dakika chache zilizopita, na Idil Kulow tayari amepiga magoti nyuma ya gari lake, uani kwake mjini Garissa, akisoma kipimajoto kwa tochi ya simu. Nyuzi nne. Anafunga mlango wa friji, anasubiri kidogo, anaufungua tena. Bado nne.

"Najua ni nne," anasema bila kugeuka. "Lakini siku hizi siamini kitu mpaka nikione mara mbili."

Kisha anafanya jambo linalowachekesha jirani zake. Friji ya umeme anayo, tena nzuri, lakini anajaza pia pakiti nane za barafu kwenye kisanduku cha zamani cha plastiki kilichochubuka pembe zote. Jirani humuuliza kama ile friji ni ya kuwekea nguo. Yeye hucheka nao, akafunga kisanduku kwa kamba, akaondoka.

Idil, mwenye umri wa miaka 39, huchanja mbuzi, kondoo na ngamia wa wafugaji, kuanzia viunga vya Garissa hadi Kotile, na mara mojamoja huitwa mpaka Dagahaley. Mfugaji humlipa shilingi thelathini kwa kila mnyama. Siku ikiwa njema, akitoa gharama ya chanjo na petroli, hurudi nyumbani na shilingi elfu mbili hivi. Siku mbaya hurudi na vumbi.

Miaka sita alifanya kazi hiyo kwa pikipiki, kisanduku cha barafu kikiwa kimefungwa nyuma. Wanaume walimshangaa mwanzoni, mwanamke na sindano juu ya pikipiki, kisha wakamzoea, kisha wakaanza kumsubiri.

"Pikipiki ilinivunja mgongo," anasema. "Lakini haikuwahi kuniaibisha. Gari ndilo lililoniaibisha. Hapana, nisilisingizie gari. Ni mimi."

Katikati ya mwaka juzi zamu yake ya ayuto, ule mchango wa wanawake wa mtaa, ilifika. Akachanganya na akiba yake, akaenda kwa muuza magari aitwaye Najib. Uani kwa Najib palikuwa na magari mawili aliyoyamudu. La kwanza lilikuwa pikapu kuukuu ya dizeli, imeinuka juu, inakunywa mafuta kama ngamia aliyetoka jangwani. La pili lilikuwa gari dogo jeupe la mizigo, limefunikwa nyuma, la haibridi, yaani linatumia petroli na umeme kwa zamu. Lilikuwa na tundu la umeme huko nyuma, la kuchomeka kifaa chochote.

Alikwenda na Siyad, mtoto wa shangazi yake, ambaye ni fundi wa umeme. Siyad hakujali sana ni gari gani. Alijali friji.

"Nilimwambia chukua lolote unalotaka, lakini friji ipe betri yake yenyewe na sola juu ya paa," anakumbuka Siyad. "Gari likizimwa, friji isijue. Akaniambia nina wasiwasi wa kizee."

Betri ya pekee na sola vingemgharimu shilingi elfu tisini zaidi, na mfuko ulikuwa umekauka. Isitoshe, Najib alikuwa amemweleza kwamba lile la haibridi lina betri kubwa inayoweza kuendesha friji mchana kutwa. Ikipungua, injini hujiwasha yenyewe, ikaichaji, ikanyamaza. Mradi tu gari lisizimwe.

Najib alisema kweli tupu. "Mimi nilisikia 'betri kubwa'," anasema Idil. "Hilo la kutolizima liliingia sikio hili likatokea lile."

Akalichukua jeupe. Kisanduku cha barafu akakipandisha juu ya kabati, na nani angemlaumu? Miezi saba mambo yalikwenda vizuri. Petroli ilitumika nusu ya alivyotarajia, chanjo zilikaa baridi, na watoto wa Kotile wakaliita gari lisilolia.

Sasa tufike kisimani, maana huko ndiko roho yake iliko hata leo.

Ilikuwa Februari mwaka jana, kiangazi kikali. Familia thelathini na moja zilikuwa zimeambiwa zilete mbuzi kwenye kisima kimoja mbele ya Kotile, kwa kuwa sotoka ya mbuzi, ugonjwa unaofyeka makundi, ilikuwa imeanza kusikika. Sahara Abdow, mama mjane mwenye watoto watano, alitembea siku mbili na mbuzi sitini na wawili. Hao ndio waliokuwa maziwa yake, karo yake na heshima yake.

Lakini kisimani kuna utaratibu. Ngamia hunywa kwanza, mbuzi husubiri. Na ngamia hunyweshwa kwa utulivu. Wanaume huteka maji kwa kuimba polepole, ndoo ikipokezanwa, na ngamia hunywa kwa kuufuata wimbo. Anayewashtua ngamia wa mwenzake wakaacha maji amefanya kosa la kuitwa mbele ya wazee. Idil amezaliwa katika utaratibu huo. Akaegesha gari kando, akaliacha likiwaka kimya, akaenda kukaa na wanawake.

Nusu saa baadaye betri ikapungua, na injini ikafanya kazi yake. Ikanguruma yenyewe, hakuna mtu ndani. Ngamia wanne wa mbele wakarusha vichwa na kurudi nyuma, mmoja akakanyaga birika la maji.

"Abaayo, zima hii gari," mzee Abdilatif, mwenye ngamia wale, alimwambia Idil kwa upole kabisa, akimwita dada. "Sisi hatujui gari inajiamsha yenyewe. Ngamia pia hajui."

Watu walicheka. Idil naye alicheka, akaona haya, akaenda akalizima. Kwa ile dakika moja alikuwa mtoto wa watu mwenye adabu, na hakukumbuka kitu kingine. Angesema "subirini nilisogeze mbali," hakuna ambaye angemkatalia. Hakusema.

"Nilijua betri kubwa ipo," anaeleza. "Nikadhani itaendelea kuipa friji umeme. Kumbe ukizima gari, lile tundu linakufa. Betri imejaa, na friji haipati kitu."

Ngamia walikuwa wengi. Walimaliza saa nane mchana. Gari lilikuwa limefungwa juani kwa saa tano. Idil alipofungua friji, taa haikuwaka. Kipimajoto kilisoma nyuzi thelathini na tatu.

Kila mchanjaji anajua la kufanya hapo. Chanjo hiyo inamwagwa, watu wanaombwa radhi, wanaambiwa waje siku nyingine. Idil aliinua chupa moja, akaigusisha shavuni. Ilikuwa na joto kama chai iliyosahaulika. Akatazama nje. Mbuzi wamejaa, watu wamesimama wakimngoja, Sahara akiwa wa kwanza, viatu vyake vimekatika, amevifunga kwa uzi wa gunia.

"Nilijiambia labda bado zina nguvu. Nikajiambia nikiwarudisha leo hawatakuja tena, watasema mwanamke huyu hajui kazi. Nikasema bismillahi nikaanza kuchoma. Walahi, hiyo bismillahi ndiyo inayoniuma kuliko sindano."

Usiku huo hakulala. Wiki mbili baadaye alirudi na chanjo mpya, safari hii na barafu, akawadanganya watu kwamba ni sindano ya kuongeza nguvu. Familia thelathini zilichanjiwa tena bila malipo na zikamwombea dua. Ya thelathini na moja haikuwapo. Sahara alikuwa amehama kufuata malisho, simu yake haipatikani. Idil alimtafuta siku tatu, kisha akaacha, akamwachia Mungu. Ni rahisi kumwachia Mungu kazi yako mwenyewe.

Sotoka ilifika kwa Sahara kabla ya mvua. Mbuzi arobaini na saba walikufa ndani ya siku kumi na mbili.

Majuto yangeweza kuishia hapo, na yangetosha. Lakini katika mwezi ule ule Mowlid, kaka yake Sahara anayefanya biashara ya mifugo huko Elwak, alikuwa amemletea dada yake beberu mzuri kama zawadi. Beberu yule ndiye aliyeanza kuumwa. Sahara akapiga hesabu ya mtu mwenye uchungu: mbuzi wangu wamechanjwa, daktari wangu ni mwaminifu, basi kifo hiki si cha hapa, kimetoka Elwak. Akamwambia Mowlid maneno ambayo ndugu haambiwi. Mowlid akaapa kwamba mnyama alikuwa mzima alipomleta. Hakuaminiwa. Akaondoka na hajarudi.

Sahara mwenyewe ndiye aliyempigia Idil simu kumweleza yote hayo. Alimwambia, "Wewe ulifanya kazi yako, Mungu akulipe." Idil akajibu amina.

Aprili mwaka huu Sahara alimwoza binti yake, Hani, na Idil akaalikwa kama mgeni wa heshima. Bibi harusi alikuwa akiuliza kila gari lililosimama nje kama ni la abti, mjomba wake. Mjomba hakuja. Idil anasema alitia wali wa harusi ile mdomoni, akaenda kuutema nyuma ya nyumba.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Idil hakungoja kuumbuliwa. Wiki iliyopita aliandika barua kwa daktari wa mifugo anayemsimamia, akaeleza kila kitu. Huenda akafungiwa kazi. Na gari lile lile jeupe sasa lina betri ya pekee ya friji na sola juu ya paa, kazi ya Siyad, ambaye kwa hisani yake hakusema "si nilikuambia". Leo, baada ya kuchanja kondoo wa asubuhi njiani, tunakwenda kwa Sahara.

Tunamkuta akisuka mkeka nje ya nyumba yake. Anafurahi kumwona Idil, anamwita mwanae mdogo alete maziwa. Idil anakataa kukaa. Anasimama na kuyasema yote kwa Kisomali, tangu ngamia wa Abdilatif hadi wali wa harusi, wala hajitetei. Mikono yake ameifunga kwenye shungi.

Sahara hapandishi sauti. Anaendelea kusuka mistari miwili mitatu, kisha anaacha.

"Mowlid anajua?"

"Hajui. Nimeanza na wewe."

Idil anamwambia amenunua mbuzi majike kumi, atawaleta Jumatatu, na wengine atawaleta kadiri atakavyoweza mpaka watimie arobaini na saba.

"Walete," anasema Sahara. "Ni haki yangu, nitawapokea." Anauangalia mkeka. "Ya sindano ni yako, Idil. Lakini yale maneno niliyasema kwa mdomo wangu. Nilimwambia mtoto wa mama yangu kwamba ameniletea kifo mlangoni kwa wivu. Hayo nani atanibebea?"

Ndipo machozi yanapomtoka. Idil anapiga magoti karibu yake. Nilitazama pembeni, maana si kila kitu ni cha gazeti.

Baadaye wanajaribu simu. Mowlid amekuwa hapokei namba ya dada yake, kwa hiyo wanatumia ya Idil. Anapokea.

"Mowlid, ni mimi," anasema Sahara.

Tunasikia mbuzi wakilia upande wa pili, sokoni Elwak. Kisha simu inakatwa. Wanapopiga tena, imezimwa.

Sahara anaifuta simu kwa kanga yake na kumrudishia mwenyewe. Anauliza Elwak ni mbali kiasi gani kwa gari. Idil anamwambia siku mbili, barabara ikiwa na huruma. Sahara anauliza kama kiti cha mbele kina nafasi. Wanakubaliana waondoke Alhamisi.

Ninamuuliza Idil anatumaini nini huko. Kuhusu leseni yake ya uchanjaji, anasema Mungu ndiye mtoa riziki, na kama ni kurudi kwenye pikipiki, mgongo utazoea. Kuhusu Mowlid anajibu huku akikaza kamba ya kisanduku cha barafu.

"Sitaki anisamehe. Nataka amsalimie dada yake," anasema. "Mimi anifukuze tu. Naomba anifukuze nikiwa nimeshamaliza kusema."