Mtutu wa Zawadi

Nyumbani kwetu Nengo, kilimani juu ya ziwa, ng'ambo ya mpaka na Goma, mimi ndiye niliyechaguliwa kumsaidia baba mdogo kubadilisha mitutu ya bunduki, na sifa iliyonipatia kazi hiyo ni moja tu: siongei. Mama anaongea hata akiwa na kijiko mdomoni. Ndugu zangu wanaongea wakiwa wamelala. Mimi nikiitwa ubaoni shuleni, sauti inabaki kwenye dawati.

Bunduki yenyewe si ya vita. Baba mdogo ni daktari wa mifugo, na bunduki yake inarusha sindano ya usingizi kwa ng'ombe asiyeshikika. Ina karatasi zote za ruhusa na inalala kwenye sanduku la chuma lenye kufuli. Inapiga mara moja, kwa risasi tupu, yaani yenye baruti bila kichwa cha chuma; halafu unaikunja katikati, unatoa ganda, unaweka risasi nyingine. Ukiondoa kile kipande cha mti cha mbele, mtutu wote unanyanyuka kutoka kwenye bawaba, na unaweza kuweka mwingine. Tulikuwa nayo miwili: mwembamba wa sindano ndogo na mnene wa sindano kubwa za madume. Ule mnene ukapata ufa, basi tukabaki na mwembamba.

Baba mdogo alikulia Karagwe, Tanzania, na anaongea Kiswahili kilichonyooka kama shati la kanisani. Siku za kubadilisha mtutu alikuwa anatandika kitambaa cheupe mezani na kuniambia, "Mwanangu, hapa anayeongea anatoka nje." Kisha anaanza, polepole. Anakunja bunduki. Anatazama chumba cha risasi, halafu anaingiza kidole, kwa sababu macho hayamtoshi. Anaondoa mti wa mbele, ananipa niushike. Anaelekeza mtutu dirishani na kuchungulia kama kuna uchafu. Anapangusa ndoano ya mtutu na pini ya bawaba inayoshikana nayo. Anasoma namba iliyochongwa chini ya mtutu, halafu ile ya kwenye mwili wa bunduki. Ndipo anaupachika na kuifunga kwa mkono mmoja, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

"Ukilazimika kusukuma," aliniambia, "huo ni wa bunduki nyingine. Zinafanana zote, lakini kila mtutu umesuguliwa ukae kwenye mwili wake. Wa kuazima unaweza kufunga vizuri tu, kumbe umeacha nafasi nyuma. Ukifyatua, moto unatokea hapo." Na hapo akajigusa chini ya jicho.

Sasa huko kijijini Mudende bibi yetu ana dume lenye pembe iliyopinda, ncha ikawa inaelekea jichoni. Hakuna aliyeweza kulishika likatwe pembe. Baba mdogo aliahidi kwenda Jumamosi kulilaza, na alikuwa analalamika kila mlo kwamba angekuwa na mtutu mnene tu, dunia ingekuwa nyepesi.

Malalamiko yake yakamfikia jirani yetu, Afande. Ni mwanajeshi mstaafu aliyerudi kutoka Uganda, na huko aliwahi kulinda shamba kubwa la ng'ombe lenye bunduki kama yetu. Jumapili baada ya misa akaja na kitu kirefu kimezungushiwa kitenge kipya. Polisi walishakiangalia, alisema, na kukiandika. Naona waliangalia kila kitu isipokuwa kama kinaingia.

Afande hakukaa. Alisimama katikati ya sebule, akatoa hotuba kama anayetoa ng'ombe wa mahari: alivyofahamiana na familia yetu, jinsi daktari alivyomwokolea mbuzi wake, na kwa hiyo leo amemletea mtutu mnene. Baba mdogo akapokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akajibu kwa hotuba ndefu zaidi. Mama akaleta bia na sahani ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, za kukaanga.

Sijui kwa wengine, lakini kwetu ukipewa kitu mbele za watu hukigeuzi-geuzi. Ukipewa kitenge, hukikunjui kutafuta tundu. Unashukuru, unasifu, unaweka pembeni. Ukaguzi ni wa baada ya mgeni kuondoka.

"Daktari," Afande akasema, "hebu ivishe tuone."

Kitambaa cheupe kikatandikwa. Baba mdogo akakunja, akatazama, akaingiza kidole, akanipa mti. Akautoa ule mwembamba, akafungua kitenge, akauchukua mtutu mpya. Hakuchungulia. Hakuugeuza kusoma namba. Aliupachika moja kwa moja huku akitabasamu kama mtu anayepigwa picha, akafunga. Haukufunga. Akasukuma kwa kiganja. Ukasema *kak*, sauti ambayo bunduki yetu haijawahi kutoa. Alipourudishia mti na kuitikisa, nikasikia kitu kinacheza ndani. Baba mdogo akakohoa juu ya ile sauti. Na Afande naye, ajabu, akakohoa.

"Bon! Imeingia!" Mama akapiga makofi. Mama ni wa Goma, hawezi kuona kitu kikimya. "Mungu iko muzuri!"

Mimi niliiona namba wakati kitenge kinafunguliwa. Haikuwa ya kwetu. Nikamwangalia baba mdogo. Naye akaangalia sambaza.

"Tujaribu moja tu," Afande akasema. "Pale nyuma, kwenye kifusi. Nifurahi kabla sijaenda."

"Moja tu," baba mdogo akajibu, kwa sauti nyembamba. Akavuta mkebe wa risasi tupu.

Nilikuwa na neno moja kichwani, *namba*, na halikutaka kutoka. Nililisukuma kama yeye alivyosukuma mtutu. Nilifikiria jicho lake. Nilifikiria pia Mama atakavyonitazama nikimwambia mgeni mbele ya kila mtu kwamba zawadi yake ni mbovu. Baba mdogo alikuwa ameshafungua mkebe. Nikasimama, na kilichotoka ni hiki:

"Afande, nikusindikize."

Chupa yake ilikuwa nusu.

"We mutoto!" Mama akasema. "Wamekuroga? Mutu hajamaliza hata kunywa!"

Lakini ndiyo raha ya adabu zetu, zinamfunga kila mtu. Mgeni akishaambiwa anasindikizwa, hawezi kusema hapana, nitakaa. Afande akanitazama, akaitazama chupa kwa huzuni ya kweli, akachukua kofia. "Haya, twende, binti. Naona nafukuzwa na serikali."

Tukapanda kilima kati ya kuta za mawe meusi ya volkano. Chini ziwa liling'aa, na mimi nilikuwa natamani linimeze. Tukafika kwenye kona.

"Nimekukosea nini?" Afande akauliza.

"Namba," nikasema. Basi, limetoka.

Afande akasimama. "Ehee! Na wewe umeona?"

"Wewe umeona?"

"Nimesikia! Ile *kak*! Mimi sijui kama ni wa bunduki ile, niliuleta aupime. Nikasema daktari ataangalia namba, ataniambia afande, huu hapana. Haangalii! Anacheka tu. Nikajiuliza, kumbe hajui? Nikakohoa ili ashtuke."

"Mbona ulisema ajaribu?"

"Ili akatae!"

Nikamwambia basi turudi amweleze. Akashtuka kuliko aliposikia mtutu. "Mimi? Nimfundishe daktari kazi nyumbani kwake, mbele ya mke wa kaka yake? Hapana, binti. Rudi wewe. Kimbia."

Nikakimbia. Nilimkuta baba mdogo ameshaivua bunduki, mtutu uko kwenye kitambaa kichwa chini, miwani iko puani, na Mama anamshikia tochi akiwa kimya, jambo ambalo peke yake lingetosha kunitisha. Alikuwa analinganisha namba.

"Si wa bunduki hii," akasema. "Hata ndoano si saizi. Ningepata hasara."

"Ungepiga kweli?" nikauliza.

Alifikiri. Baba mdogo hasemi uongo, ndiyo shida yake.

"Ningepiga," akasema. "Ningegeuza uso kidogo."

"Mi nilikuwa najua huyu mutoto hasemi," Mama akasema, "kumbe alikuwa anaweka akiba!" Lakini aliniongezea sambaza.

Jumamosi baba mdogo alilazimika kusogea karibu sana na lile dume, na mtutu mwembamba, akachoma sindano mbili ndogo badala ya moja kubwa. Lilizunguka, likatafakari, likalala katikati ya viazi vya bibi. Pembe ikakatwa. Bibi aliomboleza viazi.

Zawadi hairudishwi. Mtutu mpya tumeuweka sebuleni, juu ya kabati, umelala kwenye kitenge chake, na Mama anaupangusa kila Jumapili kwa sababu Afande anakuja. Anakaa, anautazama.

"Vipi, daktari, unafanya kazi?"

"Afande, haujawahi kunisumbua hata siku moja."

"Nilijua. Ni mtutu mzuri sana."

Wote wawili wanakohoa. Mimi nakaa kimya pembeni kama zamani, ila sasa nimeona kitu: nikisogea tu kwenye kiti, Afande anaimaliza chupa yake haraka haraka.