Trekta Lililooga Maji ya Kakao

Saa moja asubuhi kijiji cha Ngonga kimeshalowa. Mvua imekatika sasa hivi, migomba bado inadondosha maji, na kwenye kibanda cha kukobolea mpunga Hebroni Mwasakyeni hajawasha mashine. Wateja wawili wameketi juu ya magunia yao. Wanajua leo hawakobolewi kitu mpaka baadaye, lakini hawaendi popote. Wanataka kuona.

Hebroni amechuchumaa mbele ya trekta ambalo mtu akisimama kando yake linamfika kiunoni. Usukani wake ni kama sahani ya wali. Kiti ni cha chuma kitupu, kina matundu kama chujio. Anafungua koki ya petroli, anazungusha kamba kwenye puli, anavuta. Injini inakohoa. Anavuta tena. Inatema moshi, inanyamaza.

"Tata, huyu ana kifua," anasema mteja mmoja, akimwita kwa heshima kama baba. "Mpeleke zahanati."

"Zahanati ipi yenye dawa?" Hebroni anajibu bila kugeuka, anavuta kwa mara nyingine.

Safari hii injini inashika. Inatetemeka mpaka mabati ya kibanda yanaitikia. Hebroni anasimama, anashika kiuno chake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anawaonyesha wateja mashine ya kukobolea, kama anayewaambia wailinde.

Trekta hili haliendi maonyesho. Linakwenda kwenye kipande cha shamba kisichofika nusu ekari, nyuma ya mikakao ya majirani, na ni lazima likilime kabla mto haujapanda. Lisipoweza, kipande hicho kinarudi kwa ukoo wa marehemu mke wake, Tulinagwe.

Ndivyo walivyokubaliana wazee siku ya kuondoa matanga. Shamba lilitoka kwa baba yake Tulinagwe, naye ndiye aliyelilima mpunga tangu aolewe. Mjane wa kiume abaki nalo, wakasema, mradi jembe linaingia. Ikipita misimu mitatu halijaguswa, linarudi nyumbani kwao.

Msimu wa kwanza Hebroni hakutaka hata kuliona. Wa pili kiuno kilimkatalia kuinama. Huu ndio wa tatu.

Maksai wa plau wangemaliza kazi hiyo kabla ya chai, lakini hawana pa kupita. Kila mwenye kakao amepanda mpaka ukingoni mwa njia, na hakuna anayekubali ng'ombe wamvunjie miche. Trekta kubwa ndilo usiseme. Vibarua wa jembe la mkono nao siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi. Vijana wote wako kwenye bodaboda, au wamevuka mpaka kufanya biashara Malawi.

"Kulikuwa na pawatila za mradi, yale matrekta ya kushika kwa mikono," anasema Hebroni. "Zilikuja na ngoma na hotuba. Walitupa mashine, wakasahau kutupa bolti zake. Ya kwanza ilipokatika mkanda, wakaifanya duka la kuchunia vipuri vya zile nyingine. Mwisho zikafa zote. Sasa kuku wanatagia humo."

Ana miaka sitini na miwili, na shule aliiacha darasa la nne. Kukoboa mpunga ndiyo kazi yake tangu ujana. Analipwa kwa debe, shilingi mia chache, na siku isiyo na umeme halipwi chochote. Wiki iliyopita umeme ulikuwepo siku mbili.

Siku hizo za giza ndizo zilizolifufua trekta. Umeme ukikatika, wengine hufunga na kwenda zao. Yeye huvuta turubai lililo nyuma ya kibanda na kuanza kufungua nati.

"Kwa hiyo tuwashukuru wakubwa," anasema, bila kucheka. "Wangetuletea umeme wa kila siku, hili lisingepona."

Lilikuja huku zamani, wakati yeye ni mtoto, likilima bustani ya mboga ya shule moja ya misheni ambayo siku hizi haipo. Likapita mikono ya ushirika, kisha likatupwa kwenye uwanja wa ofisi fulani, migomba ikaota katikati ya magurudumu yake. Mnunuzi wa skrepa alipokuja kulitazama, Hebroni aliwahi. Aliwatengenezea jenereta yao bure, nao wakamruhusu alichukue, wakisema kwamba hata hivyo linaziba nafasi ya kuegesha gari.

"Gari lenyewe halina matairi," anaongeza.

Wakati huo Tulinagwe alikuwa hai. Alimwona mumewe akilikokota kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi nyumbani, akauliza kama limekuja kuolewa. Kisha akalitafutia turubai.

Alifariki mwezi wa Machi, mwaka mmoja wa mafuriko, shinikizo la damu lilipompanda ghafla. Gari la wagonjwa lilifika mpaka mtoni na kuishia hapo, kwa sababu daraja lilikwisha kuchukuliwa na maji msimu uliotangulia. Walimvusha kwa mtumbwi wa mti mmoja. Walipofika ng'ambo hakuwa na haja ya gari tena.

"Walishakuja kulipima lile daraja," anasema Hebroni. "Walikuja na mikoba, wakavuta kamba huku na huku, wakaandika. Mpaka leo urefu wa daraja naujua. Daraja lenyewe silijui."

Baada ya msiba aliachana na trekta. Kilichomrudisha ni maneno ya shemeji yake, Anyosisye, kaka mdogo wa marehemu, aliyepita kibandani kumkumbusha kwamba misimu inakwenda. Anyosisye anatembea na mwavuli hata jua likiwaka, na ni mtu wa kusema neno lake mara moja tu.

Hebroni alipotoa turubai alikuta kutu imelala kila mahali. Bolti zilikuwa zimeshikana na vyuma kama vile vilizaliwa pamoja. Mafuta ya kulainisha hayakusaidia. Aliyemfungulia njia ni jirani yake, Prisca Mwambije, mjane mwenye mikakao na ulimi.

Prisca huvundika kakao kwenye tenga lililofunikwa majani ya migomba, na chini yake huweka ndoo ya kukinga maji yanayotoka. Maji hayo huchacha mpaka yanachoma pua. Siku moja panga lake la kutu lilidumbukia humo, na alipolitoa baada ya siku mbili liling'aa kama jipya.

Hebroni aliomba ndoo nzima. Kisha akaomba pipa.

"Watu walidhani napika gongo," anasema Prisca. "Nikawaambia hapana, ni tata Hebroni, analewesha chuma."

Maji ya kakao yalifanya kazi. Bolti ziliachia, plau ikatoka nyeupe, hata gia zikaanza kuonyesha meno. Msimu mzima wa kakao Hebroni alikuwa akidumbukiza na kutoa, akisugua kwa mchanga wa ziwani aliouagiza kutoka Matema, kisha akipaka grisi. Kila kipande alikipanga juu ya majani ya mgomba kama samaki wa kuuza.

Mambo yalipomnyookea, akajiamini. Akachukua kabureta, ambayo si ya chuma cha kutu bali ya madini mepesi, akaitumbukiza nayo. Asubuhi hiyohiyo taarifa ya msiba ikaja kutoka Ngana, na msiba wa ndugu hauendwi na kurudi jioni. Alikaa huko mpaka watu walipotawanyika.

Aliporudi, aliingiza mkono kwenye ndoo akatoa kitu kilichofanana na andazi lililoangukia kwenye chai.

Alikaa chini. Kisha akaanza kuwalaumu waliofunga duka la vipuri la ushirika, wasioleta dawa ya kutu wilayani, na wanaoacha wananchi wajitibie vyuma kienyeji. Prisca alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tata," akamwambia, "hapo serikali haimo."

Hebroni anakisimulia kisa hicho akitazama pembeni, lakini anakisimulia. Kabureta nyingine ilipatikana Kasumulu, kwa muuza vyuma aliyekuwa na pampu ya maji iliyokufa. Haikulingana na injini. Ilibidi akate kipande cha bati nene, akitoboe, na kutengeneza gasketi kwa karatasi ngumu ya boksi la sabuni. Alitengeneza nne kabla ya kupata moja isiyovuja.

Na leo ndiyo siku yake.

Trekta linatoka barabarani na kuingia njia ya mikakao. Prisca ameshasimama hapo. Wiki iliyopita alikuja kulipima upana kwa khanga yake, akaenda kuinyoosha khanga hiyohiyo katikati ya miti yake, mche kwa mche, ndipo akaruhusu.

"Ugonile, tata," Prisca anamsalimu.

"Ndaga, mama. Ugonile," Hebroni anashukuru na kumrudishia salamu.

"Pita. Ukinivunjia mche, nakuvunja huo mguu wa kukanyagia klachi."

Anainua matawi kwa mikono miwili, na trekta linapita chini yake kama mbuzi. Hakuna mche unaoguswa. Ng'ambo ya mikakao, kwenye ukingo wa shamba, Anyosisye amesimama na mwavuli wake. Amevaa suruali ya kanisani na viatu vyeusi. Hakuja kulima, amekuja kushuhudia kwa niaba ya wazee.

"Shemeji, hilo ndilo jembe?"

"Ndilo."

"Nilidhani ni la mtoto."

Hebroni anashusha plau. Udongo wa huku ni mweusi, mzito, ukilowa unang'ang'ania kila kitu. Trekta linainamisha kichwa, magurudumu yanateleza kidogo, kisha yanashika. Mfereji wa kwanza unafunguka nyuma yake, umenyooka, unang'aa. Nyange wanashuka kutafuta minyoo.

Anakwenda, anageuza, anarudi. Hapunguzi mwendo wala haharakishi. Nusu ya shamba inageuka rangi. Anyosisye amefunga mwavuli na kuutumia kupima kina cha mfereji, kisha anatikisa kichwa kwa namna ambayo haieleweki kama ni ya kukubali au kukataa.

Kwenye kona ya chini, karibu na kijito, gurudumu la nyuma linazama. Hebroni anapunguza moto, anaongeza, anajaribu kurudi nyuma. Trekta linazidi kukaa. Moshi unakuwa mweusi. Injini ikizimika hapo, kamba haitavutika tena, kwa sababu puli imeshafika kwenye tope. Na wingu la pili linatoka upande wa milima ya Livingstone.

Prisca anatupa majani ya migomba chini ya gurudumu. Hayasaidii. Anajaribu kusukuma peke yake, miguu inampeleka kinyume.

"We Anyosisye," anasema akihema, "hicho kiatu kimeshonewa mguuni?"

Anyosisye anautazama mto, analitazama wingu. Anauchomeka mwavuli ardhini. Anavua viatu, anavipanga pamoja juu ya jani, anakunja suruali ya kanisani mpaka magotini na kuingia topeni.

"Sisukumi kwa ajili yako," anamwambia Hebroni. "Nasukuma shamba la dada."

"Sukuma tu. Sikuulizi ni la nani."

Wanasukuma wawili, Hebroni anaachia klachi polepole, na trekta linajinyanyua kwa kelele kama ng'ombe anayetoka kisimani. Tope linamrukia Anyosisye kuanzia kidevuni hadi kiunoni. Hebroni hasimami kumwomba radhi. Anamaliza kona, anamaliza mstari uliobaki, na ndipo anazima.

Mvua inaanza. Hakuna anayekimbia. Anyosisye ananawa miguu kijitoni, anachukua viatu mkononi, anasimama mbele ya shemeji yake.

"Nitawaambia wazee jembe limeingia."

"Waambie na aliyesukuma."

"Hilo halina haja," anasema Anyosisye, na kwa mara ya kwanza leo anatabasamu. "Lima, shemeji. Habari ya misimu sitaileta tena."

Jumamosi binti yake Hebroni, Kisa, anakuja kutoka Ngana na mbegu. Ni mpunga uleule wa mama yake. Kila mwaka amekuwa akiupanda kidogo ili usipotee, akingoja baba yake apate pa kuumwaga. Prisca naye ameshaweka oda ya kulimiwa kipande chake kilichojificha nyuma ya kakao, na anadai bei ya mwenye maji ya kakao.

Hebroni ana mpango mwingine. Mpunga wa shamba hili ukivunwa, utanunua magurudumu mawili na mabomba ya kutengenezea tela dogo, la upana wa khanga ya Prisca. Gunia litapakiwa humo. Na siku gari la wagonjwa likikwama mbali, godoro la mgonjwa nalo litapakiwa, liende kwa njia za mikakao, lizunguke hadi kwenye kivuko cha juu ambako mto ni mwembamba.

"Daraja siwezi kujenga," anasema, akifuta tope kwenye kiti kwa kiganja. "Tela naweza."

Anazungusha kamba kwenye puli. Anavuta mara moja tu, na injini inashika.