Nilimchagulia Mama Mkwe Upasuaji

Nilikosa, tena nilikosa nikijua. Nilimficha mama mkwe wangu maneno ya daktari.

Mimi ni mwalimu wa darasa la nane huku Bomet. Mama hajui Kiingereza, na Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Kwa hiyo mwaka jana alipopata uvimbe kwenye titi, mimi ndiye niliyempeleka hospitali na kumtafsiria kwa Kipsigis.

Daktari alikuwa mpole. Alisema ni saratani lakini tumeiwahi, uvimbe ungali mdogo. Akachora picha mbili kwenye karatasi. Njia ya kwanza ni kutoa titi lote. Ya pili ni kutoa uvimbe na kubakisha titi, lakini baadaye Mama aende Nairobi kuchomwa kwa mionzi, karibu kila siku, kwa wiki kadhaa.

"Kwake yeye, zote mbili ni nzuri," akasema. "Mweleze pole pole, achague."

Nikaanza kupiga hesabu. Nani angekaa naye Nairobi? Ni mimi. Na mtihani wa watoto wangu ulikuwa umekaribia, ng'ombe wanangoja kukamuliwa, majani chai yanangoja kuchumwa. Tena niliogopa kwamba akisikia njia mbili atachanganyikiwa, akatae zote, arudi nyumbani kunywa mitishamba.

"Daktari anasema titi litolewe," nikamwambia.

Mama akaitazama karatasi. "Mbona amechora mbili?"

"Hii ni kabla. Hii ni baada."

Akanitazama mimi, akamtazama daktari. Daktari akatabasamu, akidhani nimeeleza yote.

"Sawa, Mwalimu. Wewe ndiye umesoma," Mama akasema, akaweka kidole gumba kwenye fomu ya kukubali upasuaji.

Kidonda kilipona vizuri. Lakini siku tuliporudi kliniki, mama mmoja kutoka Ndanai aliketi karibu naye, wakaanza kuongea. Alikuwa na ugonjwa huo huo, na alikuwa ametoka Nairobi kuchomwa.

"Titi langu bado niko nalo," akasema akicheka. "Kilichonitesa ni kulala kwa shangazi ya bwana yangu. Anakoroma kama trekta."

Mama hakucheka. Alinigeukia. "Na mimi niliambiwa hiyo?"

Ningeweza kudanganya tena. Nikasema, "Daktari alisema, Mama. Mimi ndiye sikukuambia."

Hakunifokea. Jina lake liliitwa. Akiinuka akasema, "Pengine ningetaka litolewe tu. Sasa hatutajua."

Siku hizi anaenda kliniki na binti wa jirani. Nikijitolea ananiambia, "Wewe una kazi, Mwalimu." Anasema kwa upole, na upole huo ndio unaoniuma.

Ndugu msomaji, kama wewe ndiye mdomo wa mgonjwa, sema yote uliyoambiwa. Usiogope kwamba hajasoma. Rudia, mpe muda, muulize daktari tena. Hata shida zako mwambie. Mimi ningesema, "Mama, Nairobi itatusumbua," na namjua, angenisikiliza. Lakini mwili ni wake.

Na kama umeshaficha, mwambie kabla hajauliza. Mimi nilingoja aulize.