Plasta ya Mama Blanketi

Mama Blanketi hakuwa na mchezo. Miaka kumi na tisa katika chumba cha kuzindukia, pale wagonjwa wanapoletwa wakishapasuliwa, na sijapata kumwona ameketi. Sisi manesi wenzake tulimwogopa, tulimcheka pembeni, na tulimwiga kila kitu. Huko kuiga ndiko kulikoniponza.

Mtu akitoka kupasuliwa hutetemeka. Mama Blanketi alianza na blanketi lenye joto. Likishindwa, alimchoma pethidini, dawa ya maumivu inayotuliza mtetemo, nusu kichupa, polepole kwenye mshipa. Dakika chache tu, mgonjwa kimya. Na kwa kuwa mafaili yalibaki chumba cha upasuaji, kule ndani kwa madaktari, mpaka jioni, aliandika kipimo na saa kwenye kipande cha plasta, akakibandika juu ya blanketi, usawa wa kifua. Sote tukawa tunafanya hivyo hivyo.

"Hayo mafaili yenu yana miguu mibovu," alikuwa akisema. "Plasta yangu iko na mgonjwa."

Siku hiyo nilichelewa kazini, tena nimevimba kwa hasira, nimetoka kugombana na mume wangu. Mama Blanketi alikuwa ameitwa ndani ghafla. Kitanda cha pili alilala fundi viatu, mtu wa makamo, kifua kibovu, amepasuliwa ngiri. Alikuwa ametapika. Nikalivuta blanketi, nikalikunja bila kulitazama, nikalitupa kwenye kapu la nguo chafu. Nikamfunika jingine, safi.

Haukupita muda akaanza kutetemeka, meno yanagongana, kitanda kinalia.

"Sista," akasema, "mmeniweka kwenye friji nini?"

Nikacheka. Nikaangalia blanketi: hakuna plasta. Basi hajapewa kitu huyu. Nikamchoma nusu kichupa.

Akatulia. Nilijisifu, siwafichi. Nikamgeukia mgonjwa wa kitanda cha nne, nikamrekebishia dripu, nikambadilishia bandeji, mpaka Mama Blanketi aliporudi.

"Huyu umemfanyaje?"

"Nimempa nusu. Alikuwa anatetemeka."

"Si nilishampa! Hukuona plasta?"

Plasta ilikuwa kwenye blanketi nililolitupa kapuni. Kule ndani pia walikuwa wameshampa dawa kali ya maumivu, na zote hizo hupunguza pumzi. Mama Blanketi alishaweka kiganja kifuani mwake. Midomo ya fundi ilikuwa imegeuka rangi.

"Pumua, baba. Pumua!"

Tukampulizia hewa kwa mfuko wa mkono. Tukamchoma dawa ya kuzimua pethidini. Daktari akaja mbio kutoka ndani. Tulihangaika nusu saa nzima, lakini moyo ulishasimama na haukurudi.

Mama Blanketi akavua glovu. Nilidhani atanizaba kofi, na ningeshukuru.

"Mkewe yuko nje," akasema. "Nitakwenda mimi. Mtindo wa plasta ni wangu."

"Hapana, dada. Sindano ni yangu."

Nikatoka. Mkewe alikuwa kwenye benchi mwisho wa korido, amepakata viatu vya mumewe. Aliponiona akainuka, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Asante, mwanangu," akasema. "Nilikuona kwenye kioo cha mlango kabla mlinzi hajanifukuza. Alikuwa anatetemeka vibaya, roho inaniuma. Ukamchoma ile sindano, akatulia. Mungu akuzidishie."