Nyama ya Waliosikia

Zamani mtu wa Handeni akiangusha mnyama, mlio wa bunduki yake ulikuwa mwaliko kwa kila aliyeusikia. Leo mtu ananunua nusu kilo buchani, anaificha chini ya khanga na kupita njia ya nyuma kama mwizi.

Rehani alikulia katika mwaliko ule. Alizaliwa Kwenkole, kitongoji cha nyumba kumi na mbili, na gobore alirithi kwa baba yake. Hakuwa mtu mkubwa. Alilima mahindi na mbaazi, aliwatengenezea wenzake magobore yaliyopasuka vitako, na kusoma alijifunza peke yake kwenye vipande vya magazeti vilivyofungia chumvi. Lakini gobore lake likilia porini, kina mama waliacha majembe, wakachuma majani mapana ya kubebea nyama, wakafuata moshi wa baruti. Aliyesikia alipewa. Hata mpita njia asiyejulikana alipewa, japo utumbo. Asiyesikia hakulalamika.

Mwaka sabini na nne wakahamishiwa kijiji cha ujamaa. Rehani hakubisha. Aliambiwa shule, zahanati na bomba, akabomoa nyumba yake mwenyewe kabla wengine hawajaja kumbomolea. Bomba lilikuja miaka tisa baadaye. Mvua nayo ikagoma, watu wakala unga wa Yanga, ule wa njano wa msaada. Swala wa kwanza aliyempiga pale alisikiwa na kaya mia tatu. Watu walikuja mbio, wakasukumana, mmoja akakatwa kidole. Rehani alirudi nyumbani na kwato nne.

Mkewe Tatu alizitazama kwato zile, akacheka kicheko kibaya.

“Leo tunakula viatu vya swala, baba Salimu?”

Rehani alimtazama mtoto. Salimu, mtoto wao wa mwisho, alikuwa amevimba miguu na nywele zimebadilika rangi. Mganga wa zahanati alisema mtoto apewe nyama, mayai au maharage. Alisema hivyo kama mtu anayetaja vitu vya dukani.

Ndipo shemeji yake Mdoe alipotoa bastola.

Mdoe alimwoa Mwaija, mdogo wake Rehani. Alikuwa mpishi wa Mzungu meneja wa shamba moja la mkonge upande wa Ngombezi, hata serikali ilipochukua mashamba na yule Mzungu akaondoka. Kazi ilipokwisha, Mdoe na mkewe wakaja kuishi kwa Rehani. Bastola ya bwana wake, isiyo na kibali, ilikuwa imeviringishwa kwenye soksi. Ilienea kiganjani, na risasi zake zilikuwa nyembamba kuliko kidole cha mtoto.

“Hii haina sauti, shemeji,” Mdoe alisema. “Bwana alikuwa anaulia paka barazani, na mkewe amelala dirisha wazi.”

“Hakuna bunduki bubu.”

“Wewe umezoea gobore lako linalotangaza kama redio. Njoo uone.”

Walikwenda porini mchana. Mdoe akapiga kichuguu: ta!

“Inasikika,” Rehani alisema.

“Unaisikia wewe uliyenigandia kama kupe. Nenda kule mbali.”

Rehani akahesabu hatua mia mbili, akasimama nyuma ya vichaka. Mlio ulimfikia, tena waziwazi, lakini ulifanana na ganda la mti linalopasuka kwa jua. Kama asingejua, asingegeuza shingo. Hapo akaielewa sifa yote ya kile kibastola. Hakikuwa na kimya chochote. Kilikuwa na mlio ambao watu hawajaufundishwa.

Siku ya tatu walimvizia digidigi kwenye korongo, hatua tano tu. Risasi ya kwanza ilimjeruhi. Akakimbia akizunguka, na Mdoe akampiga ya pili. Rehani alimdaka angali anatupa miguu, akasoma bismillahi, akachinja. Walimficha katika gunia la majani. Tatu alipika mlango umefungwa. Salimu alikula ini, akalamba vidole, akaomba tena, na Rehani alilazimika kutazama pembeni.

“Hodi humu!”

Alikuwa Bibi Chausiku, jirani yao tangu Kwenkole. Macho yake yalikuwa yamefifia, hivyo porini alichimba viazi mwitu kwa kutegemea masikio. Mkononi alishika jani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, baba. Nimesikia mlio.”

“Mlio gani?” Mdoe akadakia. “Masikio yako yanapiga ngoma yenyewe, bibi. Utachezwa unyago upya!”

“Mara mbili. Mdogomdogo. Wa kwanza nikadhani ganda la mti. Wa pili nikasema, ganda halipasuki mara mbili pale pale. Huyo ni mtu.” Akamgeukia Rehani. “Sema wewe, mwanangu. Ukisema ni ganda, mimi narudi.”

Chungu kilikuwa kinatokota nyuma ya mlango. Rehani akamfikiria Salimu. Akafikiria pia kaya mia tatu.

“Lilikuwa ganda, bibi.”

“Basi nimezeeka,” alisema yule bibi, akaenda zake. Hakumshuku hata kidogo.

Tangu hapo Rehani hakutulia. Akikaa, anainuka. Alisafisha gobore mara mbili kwa asubuhi moja. Alichukua jembe kwenda shamba, akarudi katikati ya njia asijue alichorudia. Mdoe akaua tena, na tena. Miguu ya Salimu ikaanza kunywea. Tatu akawa anaimba, na wimbo ule ukamuudhi Rehani, naye hakuthubutu kumwambia anyamaze.

Baada ya wiki mbili akasikia kwamba Bibi Chausiku haendi porini. Akaenda kumtazama. Alimkuta ameketi kizingitini, mashavu yamebonyea.

“Mbona huchimbi, bibi?”

“Kwa masikio gani, baba? Macho yalikwisha. Masikio nayo yananidanganya. Nyati akija nitasema ni upepo.”

Rehani akachuchumaa mbele yake. Alijua atakachosema kitampeleka wapi, na kitampeleka wapi dada yake.

“Masikio yako mazima, bibi. Ilikuwa bunduki. Nilikunyima.”

Bibi Chausiku alimgeuzia sikio. “Mbona ndogo vile?” akauliza. Kisha akacheka kwa furaha, akapiga mapaja. Kabla ya adhuhuri alikuwa amewaambia wote waliokuwa kisimani: hajazeeka, alisikia bunduki ndogo ya kwa Rehani.

Rehani alitangulia nyumbani kumwambia Mdoe.

“Umeniuza,” Mdoe alisema.

“Ondoka nayo kabla mgambo hawajaja.”

Mwaija alikuwa anakunja mkeka. “Kaka, kwa ajili ya masikio ya bibi mmoja?”

“Alikuwa anakufa njaa, Mwaija.”

“Na Salimu je? Nani alimlisha Salimu?”

Rehani aliuchukua mkeka, akamfungia kwa kamba. Mke na mume walipita nyuma ya choo, wakashika njia ya Korogwe, Mdoe mbele. Mgambo walipokuja hawakukuta bastola, wakachukua gobore. Kibali chake kikafutwa. Watu wa kijiji walimlaumu, si kwa kuwanyima nyama, bali kwa kukiri. Wengi walimwona mjinga. Salimu alipona, akakua, na leo yuko Dar, hapigi hata simu.

Mwaka wa sabini na nane Rehani alikwenda Tanga kwa gari moshi. Lilisimama Mnyuzi, kama kawaida, na wauza machungwa wakalizunguka. Mmoja alikuwa Mwaija, amekonda, kikapu kichwani. Nyuma yake Mdoe alibeba kikapu kingine.

“Mwaija!” Rehani aliita dirishani. “Mwaija, ni mimi!”

Mwaija akasimama. Akatua kikapu chini, akasema neno kwa mumewe, na Mdoe akainua uso. Rehani alianza kuwapita watu na mizigo aufikie mlango, lakini gari likang'oka. Akarudi dirishani mbio. Walikuwa wamesimama palepale, machungwa miguuni pao, wakimtazama. Hawakupunga mkono, wala hawakugeuka, mpaka behewa la mwisho likawafunika.